Mwanasoka Bora wa Afrika: Historia, Vigezo na Uzito wa Tuzo

Tuzo ya Mwanasoka Bora wa Afrika hutolewa kila mwaka na Shirikisho la Soka Afrika, CAF, kwa mchezaji wa kiume wa taifa la Kiafrika ambaye kiwango chake katika kipindi kinachopimwa kimewazidi wenzake wote, popote anapochezea klabu yake. CAF imekuwa ikiitoa tangu 1992. Kabla ya hapo kulikuwa na tuzo ya jarida la Ufaransa, France Football, iliyoanza 1970 na kukoma 1994. Ziko basi orodha mbili za washindi, zinazopishana kwa miaka mitatu na kwa pamoja kufunika zaidi ya nusu karne.

Mashabiki huzisoma orodha hizo kwa kutafuta majina ya nyota. Kuna faida kubwa zaidi katika kusoma pia jina la klabu lililo pembeni mwa kila mshindi. Klabu hizo zinaeleza soka la Afrika lilichezwa wapi, lilitazamwa na nani, na thamani yake ilipimwa kwa mizani gani. Hoja ya makala haya ni kwamba tuzo hii daima imepima ubora unaoonekana. Macho ya wapiga kura yalipokuwa viwanjani Kumasi, Yaoundé na Lubumbashi, washindi walitoka huko. Yalipohamia Milan, Barcelona na Manchester, washindi nao wakatoka huko.

Kabla ya 1970

France Football ilianzisha Ballon d'Or mwaka 1956, na mshindi wa kwanza alikuwa Mwingereza Stanley Matthews. Kwa karibu miaka arobaini tuzo hiyo ilikuwa ya wachezaji wa mataifa ya Ulaya peke yao. Mwafrika angeweza kuipata kwa njia moja tu: kuhesabiwa kuwa raia wa taifa la Ulaya. Ndivyo ilivyokuwa kwa Eusébio, aliyezaliwa 1942 katika mtaa wa Mafalala, Lourenço Marques, mji ambao leo ni Maputo. Aliipata mwaka 1965 akiwa Benfica, na katika kumbukumbu rasmi ushindi wake uliandikwa kwa jina la Ureno, kwa kuwa Msumbiji ilikuwa bado koloni.

Wakati huo Afrika ilikuwa imeanza kujijengea taasisi zake. CAF iliundwa Februari 1957, na Kombe la Mataifa ya Afrika likachezwa kwa mara ya kwanza mwezi huohuo mjini Khartoum. Miaka ya 1960 ilileta Kombe la Klabu Bingwa Afrika. Mashindano yakawapo, mabingwa wakawapo, na nyota wakajulikana katika nchi zao na nchi jirani. Kilichokosekana ni heshima ya mwaka ya kumtambua mchezaji mmoja kuwa bora kuliko wote barani. Pengo hilo lilizibwa na jarida la Paris, na hukumu ya awali kuhusu ubora wa mwanasoka wa Afrika ikawa mikononi mwa waandishi wa habari za michezo.

Miaka ya klabu za nyumbani

Mshindi wa kwanza, mwaka 1970, alikuwa Salif Keita wa Mali. Keita aliondoka Bamako mwaka 1967 kwenda Saint-Étienne nchini Ufaransa, na katika msimu wa 1970/71 alifunga mabao 42 ya ligi. Kwa kuwa alikuwa akicheza Ulaya, mtu angetazamia wote waliomfuata wawe wa aina yake. Haikuwa hivyo. Kuanzia 1971 hadi 1981, washindi 11 mfululizo walikuwa wachezaji wa klabu za ndani ya Afrika.

Mwaka 1971 alishinda Ibrahim Sunday, nahodha wa Asante Kotoko ya Ghana, iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa wa klabu Afrika kwa kuifunga Englebert ya Lubumbashi kwenye uwanja wa ugenini. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Chérif Souleymane wa Hafia ya Conakry, klabu iliyotwaa ubingwa huo mara tatu katika muongo mmoja. Mwaka 1974 alifuata Paul Moukila wa CARA Brazzaville, katika mwaka ambao klabu yake ilikuwa bingwa wa Afrika. Ahmed Faras wa Chabab Mohammédia alishinda 1975, na mwaka mmoja baadaye akaiongoza Moroko kutwaa Kombe la Mataifa. Mwaka 1977 alishinda Tarak Dhiab wa Espérance ya Tunis. Taifa lake lilikwenda Kombe la Dunia la 1978 na kuifunga Mexico 3–1, ushindi wa kwanza wa timu ya Afrika katika fainali hizo. Mwaka 1978 alishinda Karim Abdul Razak, tena wa Asante Kotoko, baada ya Ghana kutwaa Kombe la Mataifa katika ardhi yake.

Kamerun ilitawala kipindi hiki kupitia klabu moja, Canon Yaoundé. Roger Milla alishinda 1976, kipa Thomas N'Kono 1979, na Jean Manga-Onguéné 1980, wote wakivaa jezi ya Canon. Théophile Abega, zao jingine la klabu hiyo, alishinda 1984, mwaka ambao aliiongoza Kamerun kutwaa Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza kisha akahamia Toulouse. Ni klabu chache sana duniani zilizowahi kulea washindi wanne wa tuzo ya bara katika kizazi kimoja.

Kwa wasomaji wa Kiswahili, mshindi wa 1973 ana nafasi ya pekee. Tshimen Bwanga alikuwa beki wa Englebert, klabu ya Lubumbashi ambayo leo inaitwa TP Mazembe, katika mji ambao Kiswahili ni lugha ya mtaani, ya sokoni na ya uwanjani. Desemba 1973 Zaire iliifunga Moroko 3–0 mjini Kinshasa na kuwa nchi ya kwanza ya kusini mwa Sahara kufuzu Kombe la Dunia. Miezi michache baadaye ikatwaa Kombe la Mataifa nchini Misri. Bwanga alikuwa nguzo ya ulinzi wa timu hiyo. Baada yake, hakuna beki mwingine aliyeshinda hadi mwaka 2025, muda wa miaka 52.

Kuhama kwa nyota

Mabadiliko yalianza taratibu. Lakhdar Belloumi wa Algeria alishinda 1981 akicheza Mascara, na mwaka uliofuata alifunga bao la pili Algeria ilipoishinda Ujerumani Magharibi 2–1 huko Gijón. Kombe hilo la Dunia la 1982 lilimpeleka N'Kono Espanyol ya Barcelona, na tuzo yake ya pili, ya mwaka huohuo, ikaandikwa kwa jina la klabu ya Uhispania. Mahmoud El Khatib wa Al Ahly alishinda 1983, na Mohamed Timoumi wa FAR Rabat 1985, mwaka ambao klabu yake ilikuwa bingwa wa Afrika. Timoumi akawa mshindi wa mwisho wa tuzo ya France Football aliyekuwa katika klabu ya taifa la Kiafrika.

Mwaka 1986 alishinda kipa Badou Zaki, aliyedaka Moroko ilipokuwa timu ya kwanza ya Afrika kuvuka hatua ya makundi katika Kombe la Dunia. Klabu yake ikawa Mallorca. Mwaka 1987 alifuata Rabah Madjer wa Algeria, aliyeifungia Porto bao la kisigino dhidi ya Bayern München katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Mwaka 1988 alishinda Kalusha Bwalya, aliyefunga mabao matatu Zambia ilipoichapa Italia 4–0 katika Olimpiki ya Seoul, na ambaye alikuwa akicheza Cercle Brugge ya Ubelgiji. Hadi leo Bwalya ndiye mshindi pekee kutoka kusini mwa Afrika. George Weah wa Liberia alishinda 1989 akiwa Monaco. Milla alirudi kileleni 1990 baada ya kufunga mabao manne katika Kombe la Dunia akiwa na umri wa miaka 38.

Sababu za kuhama huko zinaeleweka. Kombe la Dunia liliwaonyesha nyota wa Afrika kwa mawakala na makocha wa Ulaya. Uchumi wa nchi nyingi za Afrika ulidhoofika katika miaka ya 1980, na klabu zilizotegemea ruzuku za serikali na mashirika ya umma zikashindwa kuwashikilia wachezaji wake. Mishahara ya Ulaya ikawa mara nyingi zaidi ya ile ya nyumbani. Mchezaji aliyekuwa na familia ya kulisha na muda mfupi wa kucheza alifanya uamuzi wa busara alipoondoka. Gharama ya uamuzi huo ilibebwa na klabu alizoziacha.

Tuzo mbili na hukumu mbili

Mwaka 1992 CAF ilianza kutoa tuzo yake. Tofauti ya msingi ilikuwa katika wapiga kura: waamuzi wa jarida walikuwa waandishi, ilhali CAF iliweka kura mikononi mwa watu wa soka wenyewe, wakiwamo makocha wa timu za taifa za nchi wanachama. Kwa mara ya kwanza Afrika ilijichagulia mchezaji wake bora.

Mwaka wa kwanza hukumu zilifanana, kwani Abedi Pele wa Ghana alizipata zote mbili. Miaka miwili iliyofuata zilitofautiana. Kwa mwaka 1993 jarida lilimchagua tena Abedi Pele, aliyekuwa ametwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa Marseille. CAF ikamchagua Rashidi Yekini, ambaye mabao yake yaliipeleka Nigeria Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 1994 jarida lilimchagua Weah, wakati huo akiwa Paris Saint-Germain. CAF ikamchagua Emmanuel Amuneke, aliyefunga mabao yote mawili Nigeria ilipoishinda Zambia 2–1 katika fainali ya Kombe la Mataifa. Amuneke aliuanza mwaka huo akiwa Zamalek ya Cairo na kuumaliza akiwa Sporting ya Lisbon. Watanzania wanamkumbuka pia kwa kazi nyingine: ndiye kocha aliyeipeleka Taifa Stars katika fainali za Kombe la Mataifa za 2019, za kwanza tangu 1980.

Tofauti hizo zina fundisho. Waandishi wa jarida walitazama zaidi klabu za Ulaya. Makocha wa Afrika, katika miaka hiyo ya mwanzo, walitazama zaidi kile mchezaji alicholifanyia taifa lake. Wote walikuwa wakimtafuta mchezaji bora, lakini kila kundi lilimtafuta pale lilipozoea kutazama.

Tuzo ya jarida ilikoma baada ya 1994, na mwaka uliofuata France Football iliifungua Ballon d'Or kwa mchezaji wa taifa lolote aliyekuwa katika klabu ya Ulaya. Weah, aliyekuwa amehamia AC Milan, aliishinda mara moja. Mwaka huohuo wa 1995 alipata pia tuzo ya CAF na ile ya FIFA ya mchezaji bora wa dunia. Hakuna Mwafrika mwingine aliyeipata Ballon d'Or ya dunia. Weah baadaye alikuwa Rais wa Liberia, kuanzia 2018 hadi 2024.

Enzi ya CAF

Desemba 1995 mahakama ya Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi ya Jean-Marc Bosman. Wachezaji wa nchi za Umoja wa Ulaya hawakuhesabiwa tena kuwa wageni katika ligi za umoja huo, na nafasi za wageni zikabaki kwa wengine, Waafrika wakiwamo. Wakati huohuo televisheni za setilaiti zilianza kuleta ligi za Ulaya sebuleni na kwenye vibanda vya mpira kote Afrika. Kocha wa timu ya taifa mjini Lusaka au Kampala akawa anaiona Arsenal kila wiki, huku mechi ya klabu bingwa kati ya timu mbili za Afrika Magharibi ikimpita bila kuonekana.

Washindi wa miaka iliyofuata wanaonyesha hali hiyo. Nwankwo Kanu wa Nigeria alishinda 1996, mwaka wa medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta, akiwa Inter Milan, na tena 1999 akiwa Arsenal. Victor Ikpeba alishinda 1997 akiwa Monaco, Mustapha Hadji wa Moroko 1998 akiwa Deportivo La Coruña, na Patrick Mboma wa Kamerun 2000, mwaka ambao taifa lake lilitwaa Kombe la Mataifa na dhahabu ya Olimpiki. El Hadji Diouf wa Senegal alishinda 2001 na 2002; katika mwaka huo wa pili Senegal iliifunga Ufaransa na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia.

Baadaye wakaja wafalme wa muda mrefu. Samuel Eto'o wa Kamerun alishinda mara tatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005, kisha akaongeza ya nne mwaka 2010, ambao Inter Milan ilitwaa makombe matatu makubwa. Didier Drogba wa Ivory Coast na Chelsea alishinda 2006 na 2009. Frédéric Kanouté wa Mali na Sevilla alishinda 2007, na Emmanuel Adebayor wa Togo na Arsenal 2008. Yaya Touré wa Ivory Coast na Manchester City alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 2011 hadi 2014. Yeye na Eto'o ndio wanaoshikilia rekodi ya mataji manne kila mmoja.

Pierre-Emerick Aubameyang alikuwa mshindi wa kwanza wa Gabon mwaka 2015. Riyad Mahrez wa Algeria alishinda 2016, baada ya Leicester City kutwaa ubingwa wa Uingereza. Mohamed Salah wa Misri alishinda 2017 na 2018, na Sadio Mané wa Senegal 2019. Kwa sababu ya janga la Uviko-19 tuzo haikutolewa 2020 wala 2021. Iliporejea Julai 2022 mjini Rabat, Mané aliipata tena. Februari mwaka huo alikuwa amefunga penalti ya mwisho iliyoipa Senegal Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza. Victor Osimhen, mfungaji bora wa Italia aliyeipa Napoli ubingwa, alishinda 2023 na kumaliza kungoja kwa Nigeria kwa miaka 24. Ademola Lookman alifuata 2024 baada ya kuifungia Atalanta mabao matatu katika fainali ya Ligi ya Europa. Mwaka 2025 alishinda Achraf Hakimi wa Moroko, bingwa wa Ulaya na Paris Saint-Germain, na hivyo beki akarudi kileleni.

Katika orodha hii ya CAF, Amuneke ndiye pekee aliyecheza sehemu ya mwaka wa ushindi wake katika klabu ya Afrika.

Waliozaliwa ughaibuni

Kanouté, aliyezaliwa karibu na Lyon, alikuwa mshindi wa kwanza aliyezaliwa nje ya bara. Aliwahi kuichezea Ufaransa katika timu ya vijana, na mwaka 2004, baada ya FIFA kulegeza kanuni za kubadili taifa, akaichagua Mali, nchi ya baba yake. Waliomfuata katika njia hiyo ni Aubameyang, aliyezaliwa Laval, Mahrez, aliyezaliwa Sarcelles, Lookman, aliyezaliwa London, na Hakimi, aliyezaliwa Madrid.

Wapo wanaoona kwamba wachezaji hawa ni mazao ya shule za soka za Ulaya, na kwamba kuwahesabu kuwa wa Afrika ni kujipa sifa ya bure. Hoja hiyo haina nguvu. Mchezaji aliyepewa nafasi ya kuchagua na akachagua nchi ya wazazi wake, akasafiri kwenda kucheza mechi za kufuzu katika joto na viwanja vigumu, amejifunga na Afrika kwa hiari. Lakini ukweli mwingine usifichwe: kadiri washindi wanaolelewa nje wanavyoongezeka, ndivyo tuzo inavyozidi kukaa kimya kuhusu ubora wa shule za soka, ligi na makocha waliopo barani.

Wapiga kura na vigezo

Utaratibu wa kura umebadilika mara kadhaa. Kwa sasa orodha ndefu ya wateule hupunguzwa kwa hatua hadi kubaki watatu, na kura hupigwa na jopo la wataalamu wa ufundi wa CAF, waandishi wa habari, makocha na manahodha wa timu za taifa, pamoja na klabu zilizofika hatua ya makundi ya mashindano ya bara. Kipindi kinachopimwa nacho kimebadilika. Zamani kilikuwa mwaka wa kalenda, na sherehe ilifanyika mara nyingi Januari ya mwaka uliofuata; tangu 2022 kinafuata zaidi msimu wa soka.

Hakuna kanuni inayosema bao moja katika Kombe la Mataifa lina uzito gani mbele ya bao moja la Ligi Kuu ya Uingereza. Kila mpiga kura huamua mwenyewe, na mwelekeo wa maamuzi hayo unaonekana wazi katika historia ya Misri. Mataifa ya Afrika yalikutana katika fainali za 2006, 2008 na 2010, na mara zote tatu Misri ilikuwa bingwa, ikiwa na kikosi ambacho wengi wake walitoka Al Ahly, Zamalek na klabu nyingine za nyumbani. Hakuna timu nyingine iliyowahi kutwaa kombe hilo mara tatu mfululizo. Tuzo za miaka hiyo zilikwenda kwa Drogba, Adebayor na Eto'o. Mohamed Aboutrika, aliyefunga bao pekee la fainali ya 2008 dhidi ya Kamerun, hakuwahi kuipata. Kati ya El Khatib wa 1983 na Salah wa 2017 ilipita miaka 34 bila mshindi Mmisri, na katika kipindi hicho Misri ilitwaa Kombe la Mataifa mara tano.

Zambia ilipata funzo kama hilo. Ilitwaa kombe mwaka 2012 ikiongozwa na nahodha Christopher Katongo. Mashabiki waliopiga kura katika tuzo ya BBC ya mwanasoka bora wa Afrika walimchagua Katongo. Katika kura za CAF hakuingia hata tatu bora. Tuzo ya BBC, iliyotegemea kura za wapenzi wa soka, ilikuwa pia imempa Aboutrika heshima mwaka 2008, na Jay-Jay Okocha wa Nigeria mwaka 2003 na 2004. Okocha, ambaye ufundi wake uliwafurahisha watu wa bara zima, hakuwahi kushinda ile ya CAF.

Ubishi mkubwa zaidi ulizuka kwa tuzo ya 2015. Touré alikuwa ameiongoza Ivory Coast kutwaa Kombe la Mataifa. Aubameyang alikuwa na mabao mengi akiwa Borussia Dortmund, huku Gabon ikiwa imetolewa hatua ya makundi katika fainali hizohizo. Aubameyang alishinda kwa pointi 143 dhidi ya 136. Touré alilalamika hadharani kwamba Waafrika wenyewe hawayapi thamani mashindano ya bara lao. Inawezekana machungu ya kushindwa yalikuwamo katika maneno yake, na Aubameyang alikuwa mshindi mwenye sifa kamili. Hata hivyo swali alilouliza ni la haki, na kila anayepewa karatasi ya kura anapaswa kulijibu kabla ya kuandika jina.

Kuna upendeleo mwingine, wa nafasi uwanjani. Washindi wengi mno ni washambuliaji, mawinga na viungo wa ushambuliaji. Mabeki ni wawili tu katika historia yote, Bwanga na Hakimi. Makipa ni N'Kono na Zaki, wote wa enzi ya jarida. CAF haijawahi kumpa kipa tuzo kuu. Bao huonyeshwa tena na tena kwenye taarifa za michezo, ilhali kazi ya beki anayezuia hatari kabla haijazaliwa humfikia yule tu aliyekaa kuitazama mechi nzima.

Tuzo ya wachezaji wa ndani

CAF yenyewe ilitambua kwamba wachezaji wa klabu za Afrika wanasahauliwa. Ikaanza kutoa tuzo ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika, na mwaka 2011 mshindi akawa Oussama Darragi wa Espérance. Aboutrika, aliyenyimwa ile kubwa, aliipata hii mwaka 2012 na 2013. Katika miaka ya karibuni heshima hiyo imekuwa ikitolewa kwa mchezaji bora wa mashindano ya klabu ya CAF. Percy Tau wa Al Ahly aliipata 2023, na kipa Ronwen Williams wa Mamelodi Sundowns 2024.

Afrika Mashariki haijawahi kutoa mshindi wa tuzo kuu. Hakuna Mtanzania, Mkenya, Mganda, Mnyarwanda wala Mrundi katika orodha ya France Football au ya CAF. Ni katika tuzo hii ya pili ndipo ukanda huu umepata nafasi yake. Mbwana Samatta, aliyetoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011, alimaliza Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015 akiwa mfungaji bora kwa mabao 7 na bingwa wa bara. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa mchezaji bora wa ndani, wa kwanza kutoka Afrika Mashariki. Mwezi huohuo alisajiliwa na Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mwaka mmoja baada ya ushindi huo wa Samatta, tuzo ya mchezaji wa ndani ilikwenda kwa kipa wa Uganda, Denis Onyango, aliyetwaa ubingwa wa Afrika akiwa Mamelodi Sundowns na kuisaidia Uganda kufuzu Kombe la Mataifa kwa mara ya kwanza tangu 1978.

Mwaka 2025 alishinda Fiston Mayele wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akiwa Pyramids ya Cairo, bingwa mpya wa Afrika. Mayele alijenga jina lake Dar es Salaam akiwa Yanga, aliyoifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 akiwa mfungaji bora wa mashindano. Katika sherehe hizohizo za 2025, tuzo ya bao bora la mwaka ilikwenda kwa Clement Mzize wa Yanga, kwa bao alilowafunga TP Mazembe.

Mafanikio haya hayakuja kwa bahati. Yametokana na klabu za ukanda kufika hatua za makundi na fainali za mashindano ya CAF, mechi zake kuonyeshwa mubashara, na wachezaji kubaki barani muda wa kutosha kuonekana. Samatta alicheza Lubumbashi karibu miaka mitano kabla ya kwenda Ulaya. Ligi inayowalipa wachezaji kwa wakati, inayotunza viwanja na kuonyeshwa nje ya mipaka yake huwapa wachezaji wake nafasi ya kuhukumiwa kwa haki.

Uzito wa tuzo

Mshindi wa tuzo kuu hupata thamani kubwa zaidi sokoni, heshima isiyofutika katika taifa lake, na mara nyingi sauti inayosikika nje ya uwanja. Weah alikuwa rais wa nchi. El Khatib ni rais wa Al Ahly. Bwalya aliongoza chama cha soka cha Zambia, na nchi hiyo ikatwaa Kombe la Mataifa akiwa madarakani. Eto'o anaongoza shirikisho la Kamerun. Kumchagua mchezaji bora wa bara, basi, ni pia kuchagua mtu ambaye huenda akaja kuongoza soka lake.

Kwa sababu hiyo mambo matatu yanahitajika. La kwanza ni CAF kutangaza vigezo na uzito wake: mashindano ya taifa yana sehemu gani, ya klabu sehemu gani, na ya bara lenyewe sehemu gani. La pili ni tuzo ya mchezaji wa mashindano ya klabu za Afrika kupewa hadhi inayolingana na tuzo kuu, kwa jukwaa, kwa zawadi na kwa muda wa matangazo, kwa kuwa ndiyo inayopima kazi ya makocha, ligi na vyama vya bara. La tatu ni wapiga kura kutazama mechi za Afrika kwa bidii ileile wanayotazama za Ulaya. Salah, Osimhen na Hakimi walistahili kila kura waliyopata, na hakuna haja ya kuwapunguzia sifa ili kuwainua wengine. Ila tuzo yenye jina la Afrika hutimiza kazi yake pale ambapo mchezaji wa Lubumbashi, Cairo au Dar es Salaam anashindanishwa nao na watu waliomwona akicheza.